Usinipimie Mkimbiaji kwa Yadi Peke Yake

Ndugu zangu, wazee wangu, vijana, asanteni kwa kufika. Mlionisikia mwaka jana mnajua ninakoelekea, na nitaelekea huko huko, kwa sababu maneno ninayoyasikia ni yale yale. Kijana anafungua simu, anatazama jedwali la yadi walizopata wakimbiaji wa futiboli ya Kimarekani, anatangaza kwamba fulani ni bora kuliko fulani, basi, mjadala umefungwa. Mimi nasema mjadala bado haujaanza.

Leo nachukua timu moja tu, Miami Dolphins ya 1972. Mechi 17, ushindi 17. Hadithi hiyo mnaijua, sitairudia. Nataka mwatazame watu watatu waliokuwa wakipewa mpira wakimbie nao. Larry Csonka aliubeba mara 213 akapata yadi 1,117. Mercury Morris mara 190, yadi 1,000 kamili. Jim Kiick mara 137, yadi 521. Kwa jedwali hilo Kiick ni wa tatu, tena kwa mbali. Kila akishika mpira anapata yadi 3.8, wakati Morris anapata 5.3. Hapo ndipo watu wanapofunga daftari.

Naomba mlifungue tena, mtazame mechi za mtoano.

Tarehe 24 Desemba, nyumbani Miami, Cleveland wanaongoza 14 kwa 13 na robo ya mwisho inayoyoma. Msimu mzima bila kupoteza unataka kuporomoka siku moja. Paul Warfield anadaka pasi, anadaka nyingine, timu inasogea mpaka zimebaki yadi 8 kufika mstari wa kufungia. Nani anapewa mpira? Kiick. Anaingia nao, mechi inaisha 20 kwa 14. Wiki moja baadaye wako Pittsburgh, na wenyeji wanaongoza 10 kwa 7. Bob Griese, kwotabeki, yaani mrusha pasi wao, aliyevunjika mguu mwezi Oktoba, amerudishwa uwanjani kipindi cha pili. Anampata Warfield kwa pasi ndefu, mpira unasogezwa mpaka zimebaki yadi 2. Kiick. Robo ya mwisho, zimebaki yadi 3. Kiick tena. Miami wanashinda 21 kwa 17. Kisha Super Bowl, fainali ya ligi, Los Angeles, 14 Januari 1973, sekunde chache kabla ya mapumziko, imebaki yadi 1. Jibu mnalo. Ikawa 14 kwa 0, na 7 walizopata wapinzani wao Washington baadaye hazikuwafikisha popote.

Sasa jumlisheni mbio hizo nne: 8, 2, 3 na 1. Ni yadi 14, wastani wa 3.5! Kwenye jedwali lenu hizo ni mbio za mtu wa kukaa benchi. Na hesabu yenyewe ni nyepesi mno, sijui kwa nini watu wanaikwepa: ikibaki yadi 1, huwezi kupata 2. Uwanja umekwisha. Mkimbiaji anayeitwa kila mara nafasi inapobana lazima wastani wake uwe mdogo, hata akifanikiwa kila anapojaribu. Ndiyo maana huwa nachemka mtu akinitajia wastani kama neno la mwisho.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mzee, huyo Kiick alikula kilichopikwa na wenzake." Sawa kabisa! Hicho ndicho ninachokisema. Kazi zilikuwa tatu. Csonka, mtu wa zaidi ya kilo 100, alipita katikati, palipo na miili mingi, akiwalazimisha walinzi wajazane pale. Wakishajazana, Morris anazunguka pembeni kwa kasi ambayo wenzake wawili hawakuwa nayo, na msimu ule wa kawaida alifunga tachidauni 12, yaani alivuka na mpira mstari wa kufungia mara 12. Katika fainali Csonka alipata yadi 112 kwa mbio 15 tu, moja ya yadi 49, na hakufunga hata moja. Mtasema alicheza vibaya? Kwenye soka hakuna anayempima kiungo mkabaji kwa mabao aliyofunga, lakini tukihamia mchezo huu busara hiyo tunaiacha mlangoni.

Na hizo yadi 1,000 za Morris mnazoziheshimu sana, sikilizeni zilivyopatikana. Msimu ulipomalizika alikuwa na 991. Ligi ikaipitia picha ya mechi moja dhidi ya Buffalo, ikaona hasara ya yadi 9 aliyoandikiwa Morris ilikuwa ya kwotabeki Earl Morrall aliyeangusha mpira. Hasara ikahamishwa, Morris akafika 1,000, na Miami ikawa timu ya kwanza katika ligi kuwa na wakimbiaji wawili waliofika idadi hiyo msimu mmoja. Haki yake, simnyang'anyi. Lakini Morris wa yadi 991 na Morris wa yadi 1,000 ni mtu yule yule, miguu ile ile. Aliyebadilika ni nani?

Mtasema hayo ni ya zamani, siku hizi ni pasi tupu. Kweli, fainali ile Griese alirusha mara 11 tu. Lakini nendeni Detroit. Mwaka 2023 David Montgomery alipata yadi 1,015 na Jahmyr Gibbs 945. Mwaka 2024 Gibbs akapanda hadi 1,412, Montgomery akawa na 775, na watu wakaanza kumuuliza Montgomery ana kazi gani. Ana tachidauni 12 za mbio mwaka huo! Mmoja wa kukata upepo, mmoja wa kusukuma miili, na timu ikashinda mechi 15 kati ya 17.

Nilitaka sana kuwazungumzia Larry Little na Jim Langer wa safu ya mbele, waliomfungulia njia kila mmoja wa wale watatu, lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa. Niwaambie moja nyinyi mnaoandika takwimu za timu zetu za vijana: ongezeni safu mbili kwenye karatasi. Kabla ya kuandika yadi alizopata, andikeni alihitaji ngapi, na mpira ulikuwa wapi. Jumamosi nitakuja kuziangalia karatasi hizo.