Andikeni Majina Nyuma ya Picha

Mhadhara uliotolewa jijini Mbeya mbele ya wapiga picha, waandishi wa habari na wazee wa bendi. Umeandikwa kama ulivyosemwa.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Na nyinyi vijana mliobanana pale mlangoni, sogeeni ndani, viti vipo, baridi ya Mbeya mwezi huu haina mchezo.

Barua ya mwaliko inasema nizungumzie kazi zangu tatu: uandishi wa habari, upigaji picha za wanamuziki na utunzi wa riwaya za kusisimua. Watu huniuliza nimewezaje kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Sijahama popote. Zote tatu zinaanza na swali ambalo mhariri wangu wa kwanza alikuwa akikutupia kabla hujavuta kiti: huyu ni nani? Kwa hiyo nitasema tena lile nililolisema Iringa, nikalisema Njombe, nikalisema Songea hadi waandaaji wakaanza kunionyesha saa. Andikeni majina. Kila picha ya mwanamuziki mnayoipiga, andikeni ni nani, anapiga chombo gani, wapi, lini.

Najua mmelisikia. Lakini fungueni gazeti lolote la wiki hii, ukurasa wa burudani. Chini ya picha imeandikwa: "Msanii akitumbuiza." Msanii yupi? Kwamba anatumbuiza naona mwenyewe, ana maiki mkononi na jasho linamtiririka! Gazeti moja liliwahi kuchapa picha yangu ya mpiga besi, mzee aliyelishika lile gitaa maisha yake yote, likaandika maneno hayohayo. Nilikuwa nimewapelekea jina, kijiji na bendi. Wakaona yanakula nafasi.

Sasa nipeni muda kwa picha moja tu.

Pale Iringa, Miyomboni, kulikuwa na studio iliyofungwa baada ya mwenyewe kufariki. Watoto walikuwa wanapangisha fremu ile kwa muuza vifaa vya simu, na maboksi ya picha yalikuwa uani yanasubiri kiberiti. Nikaomba nipekue. Ndani ya boksi moja nikakuta picha ya nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kadi ya posta. Wanaume sita wenye mashati ya sare, kola ndefu. Nyuma yao pazia limechorwa minazi na bahari, Iringa hiyo. Mmoja amekaa chini, tumba katikati ya magoti. Wawili wana magitaa. Ukiigeuza, kuna muhuri wa studio na neno moja kwa wino: "Kumbukumbu."

Ya nani? Hapo ndipo mtunzi wa riwaya za upelelezi anapoanza kula mshahara wa mpiga picha.

Nyuma ya yule wa tumba kuna ngoma kubwa ya drams yenye maandishi, lakini kichwa chake kimeyaziba. Zimebaki herufi mbili za mwisho, ZZ. Jazz, basi. Haisaidii kitu, maana enzi zile kila bendi ilijiita Jazz. Kwa wenzetu wa Dar es Salaam maandishi ya ngoma ni kalenda kamili: ile bendi ya chama cha wafanyakazi ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikaja kuwa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Ukisoma jina kwenye ngoma, umeshajua picha ni ya kipindi gani. Bendi zetu za Nyanda za Juu Kusini zilizaliwa na kufa bila hata kuacha kalenda ya namna hiyo.

Nikachukua kioo cha kukuzia. Mpiga solo analipiga gitaa kwa mkono wa kushoto. Kijana niliyekuwa naye akasema, "Hapana, negativu iligeuzwa wakati wa kusafisha picha." Pingamizi zuri sana, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Lakini tazameni zile herufi. Z ikigeuzwa haisomeki Z. Picha iko sawasawa. Kisha nikaangalia gitaa lenyewe: vitufe vya sauti viko juu, vinaelekea kifuani kwake, wakati kwa kawaida hukaa chini. Maana yake hilo ni gitaa la mtu wa mkono wa kulia, na huyu bwana amelipindua tu, bila kubadilisha nyuzi, nyuzi nene zikabaki chini. Kwa nini asibadilishe? Kwa sababu gitaa halikuwa lake. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, na usiku uleule mwingine alikuwa analisubiri. Mtu amejifundisha muziki mzima juu chini kwa sababu hakuwa na uwezo wa kumiliki nyuzi sita. Yote hayo yamo kwenye picha, ila jina halimo.

Sasa nilikuwa na mtu wa kumtafuta. Nikauliza hapa Mbeya, Mwanjelwa kwa mafundi wa redio, nikauliza Soweto, nikapelekwa Iyunga kwa mzee aliyestaafu reli ya TAZARA. Sijamaliza kueleza habari ya kupindua gitaa, akataja jina la utani, kisha jina la ubatizo, kisha la ukoo. Akaniambia na njia ya kufika kwa mjane wake, huko juu ya Tukuyu.

Mama yule nilimkuta anachambua maharage. Akafuta mikono kwa kanga, akapokea picha. Hakuanza na uso wa mumewe. Aliigeuza nyuma kwanza, akasoma lile neno moja, ndipo akairudisha mbele na kukaa nayo muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, mbona hawakumwandika?"

Nimewaletea swali hilo nyinyi. Mimi sikuwa na la kumjibu.

Naona mkono kule nyuma, na ninajua unachotaka kuuliza, kwa sababu huulizwa kila mahali: mbona wewe mwenyewe hulitaji jina lake hapa? Kwa sababu familia haijaniruhusu bado, kuna mambo ya mirathi wanayamaliza. Kuandika jina ni wajibu wangu, kulitangaza ni haki yao. Jina lake limeandikwa nyuma ya picha, limeandikwa kwenye daftari langu, na picha nyingine yenye jina iko ukutani kwa yule mama. Msichanganye mambo hayo mawili. Kuna watu wamepigwa picha ukumbini na mtu wasiyetakiwa kuonekana naye. Andika, tunza, kisha uliza kabla ya kuchapa.

Pingamizi la pili, hili la vijana: siku hizi simu inaandika yenyewe tarehe na mahali. Kweli, inaandika. Sasa itume hiyo picha kwa WhatsApp kama tunavyotuma sote, taarifa zile zinafutwa njiani. Anayeipokea anapata tarehe ya kupokea. Na hata ukiitunza ya asili, simu inajua kwamba ulikuwa Kabwe saa nne usiku. Haijui kwamba aliyesimama kushoto ndiye aliyetunga wimbo na aliyesimama katikati ndiye aliyeuimba. Hilo anajua nani? Wewe uliyekuwepo, na kwa muda mfupi tu. Baada ya miaka mitano na wewe utakuwa unakisia.

Na msidhani ni jambo jipya au la kigeni. Mpiga picha Malick Sidibé wa Bamako, Mali, yule Mwafrika aliyepewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa kule Venice mwaka 2007, alikuwa anapiga picha za vijana kwenye dansi usiku kucha. Akirudi studio kwake, mtaa wa Bagadadji, anasafisha mkanda, anachapa picha ndogondogo na kuzibandika kwenye majalada ya karatasi ngumu. Juu ya jalada anaandika jina la klabu na tarehe ya dansi. Alifanya hivyo ili wateja wachague picha za kununua, biashara ya kawaida kabisa. Lakini majalada yale ndiyo yanayotuambia leo vijana wa Mali walikuwa wakicheza wapi na lini, uhuru ukiwa bado mbichi. Hakuhitaji ufadhili. Alihitaji kalamu.

Upigaji wenyewe nitaugusa kidogo. Acheni kukimbilia chemko. Wimbo wa dansi unaanza taratibu, mashairi yanaimbwa, ndipo magitaa yanashika moto na watu wanainuka. Wapiga picha wote wanasubiri hapo, na wote wanarudi na picha ileile ya mdomo wazi na jasho. Uso wa mwanamuziki unaupata mapema, jioni, wakati wa kujaribu vyombo. Mtazame mpiga gitaa la rithim anavyotega sikio kwa mwenzake. Tazama ncha za vidole vya mkono unaobana nyuzi, zina sugu ngumu. Kaa naye kabla hujatoa kamera, mwombe akupigie kipande. Akishasahau upo, piga. Na wakati huohuo, kabla hajapanda jukwaani, muulize jina na akuandikie mwenyewe kwenye daftari lako, kwa sababu majina ya huku kwetu, akina Mwa-hivi na Mwa-vile, ukikosea herufi moja umempeleka ukoo mwingine.

Nije kwenye riwaya. Kuna wanaosema: hadithi ni ya kubuni, hayo majina na tarehe ya kazi gani? Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyetupa mpelelezi Bwana Msa, alikuwa mhariri wa magazeti. Ben Mtobwa, aliyetupa mpelelezi Joram Kiango, alikuwa mwandishi wa habari. Haikutokea kwa bahati. Msomaji wa riwaya ya upelelezi ni mkaguzi. Jina la muuaji atakuruhusu ubuni, barabara hatakuruhusu.

Kijana mmoja aliniletea mswada wake, ana kipaji, sentensi zake zinakwenda. Muuaji anatoka Iringa saa sita usiku, mwaka 2010, anapanda basi la abiria, alfajiri yuko Tunduma anavuka mpaka. Nikamwambia haiwezekani. Mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha hadi mwaka 2023. Mpe lori, asimame mizani ya Makambako na moyo unamdunda. Au mpe treni ya TAZARA kutoka Makambako, lakini hakikisha siku hiyo treni ya abiria ilipita, maana haikuwa ikipita kila siku. Akarekebisha. Na sura ile ya mizani sasa ndiyo inayotisha kuliko zote, kwa sababu mtu hawezi kukimbia huku lori lake linapimwa. Ukweli ulimpa hofu ambayo kubuni kulimnyima. Vivyo hivyo kwa laini za simu: kama kisa ni cha baada ya 2020, laini imesajiliwa kwa alama za vidole, usiniambie jambazi aliinunua barabarani na kuitupa bila mtu kuulizwa.

Na mkitaka kujua kukosa jina kunaweza kufika wapi, nendeni Kalenga, kule Iringa. Mkwawa, chifu wa Wahehe, alijitoa uhai mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani. Fuvu lake likachukuliwa. Mwaka 1919 likaandikwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani inatakiwa kulikabidhi. Halikuja. Mwaka 1953 Gavana Twining wa Tanganyika akaenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani. Akakuta nini? Mafuvu mengi, ya watu waliokuwa na majina kwao, na la Mkwawa halikuandikwa Mkwawa. Ikabidi lichaguliwe kwa vipimo vya kichwa, vikilinganishwa na vya ukoo wake. Likarudi Kalenga mwaka 1954, Wahehe wakalipokea kwa heshima inayostahili. Hadi leo wapo wanahistoria wanaobishana kama ndilo. Wangebishana nini kama aliyelichukua angeliandika? Hicho ni kisa cha kusisimua kilichotokea hapahapa kwetu, na fumbo lake lote linasimama juu ya kipande cha karatasi ambacho hakikuwepo. Ndiyo maana sina subira na mtu anayeniambia kuandika jina ni kazi ya makarani.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na mimi nilikuwa na habari ya malipo. Nitasema kwa ufupi: Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, picha yako ni mali yako, usimpe mtu kwa maneno matupu. Mengine mniulize nje. Kuhusu kutunza negativu, unyevu wa Rungwe na Kyela unaziotesha ukungu, ziweke pakavu zenye hewa, msizifunge kwenye nailoni. Habari ya kamera gani ya kununua siizungumzii, kila mwaka naulizwa na kila mwaka jibu ni ile uliyonayo.

Sasa wazee waliombwa waje na picha zao za zamani, na naona bahasha nyingi mapajani. Meza iko pale kulia, karibu na dirisha kwenye mwanga. Vijana wawili wawili mtakaa na mzee mmoja, mmoja anauliza, mmoja anaandika. Tumieni penseli laini, pembeni kabisa mwa karatasi, msikandamize. Kalamu ya wino marufuku, inapenya hadi upande wa uso. Anzeni kushoto kwenda kulia, waliosimama kwanza, kisha waliochuchumaa. Mzee akisema simkumbuki huyu, acheni nafasi, msibuni, mwenzake wa meza ya pili huenda anamkumbuka. Baba yetu aliyepiga tarumbeta Kyela ana gari la kuwahi, kwa hiyo tuanze na bahasha yake.