Majina ya Herufi Ndogo: Kusikiliza na Kukusanya Santuri za Piano, Besi na Dramu

(Mhadhara uliotolewa kwenye jioni ya kusikiliza santuri. Mahali muziki ulipopigwa pameoneshwa kwa mabano.)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Ahsanteni kwa kuja, na ahsanteni zaidi kwa kuzima simu, maana muziki wa leo hupigwa chini chini, na ukikohoa tu umepitwa na jambo. Kabla sijasema lolote, tusikilize.

[Ilipigwa "My Foolish Heart".]

Mmesikia glasi zinagongana? Mmesikia watu wanaongea huku nyuma, na mmoja anacheka? Hao walikuwa wateja wa Village Vanguard, ukumbi mdogo ulio chini ya ardhi, barabara ya Seventh Avenue South, New York. Ilikuwa Jumapili, tarehe 25 Juni 1961. Kwenye piano Bill Evans, kwenye besi Scott LaFaro, kwenye dramu Paul Motian. Wale waliokuwa wanazungumza hawakuwa na habari kwamba sisi, zaidi ya miaka sitini baadaye, tungekaa hapa tunawasikia.

Kwetu neno jazz lilibandikwa kwenye bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Kilwa Jazz. Magitaa, saksafoni, watu wanacheza mpaka alfajiri. Nazipenda na siku yake nitazizungumzia. Leo niko kwenye jazz iliyoanzishwa na Wamarekani weusi, na humo nimechagua chumba kimoja kidogo tu, cha watu watatu. Hakuna mwimbaji. Hakuna tarumbeta la kukufunika ukikosea. Kila mmoja anasikika alipo.

Ninachotaka kuwaambia wakusanyaji ni hiki: jina la mpiga piano huandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada, nasi hununua kwa jina hilo. Tunasema "nina Evans kumi, nina Peterson ishirini." Mimi nawaomba mgeuze jalada. Someni yale majina mawili ya herufi ndogo. Kwenye santuri za watatu, aghalabu huko ndiko utakapojua kama unachonunua ni kizuri tu au ni kitu cha kukaa nacho maisha.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Nat King Cole, mwishoni mwa miaka ya 1930, alikuwa na watatu wake, lakini badala ya dramu alikuwa na gitaa. Art Tatum akafuata mpango huo huo mwaka 1943. Oscar Peterson naye alishikilia gitaa mpaka mwaka 1958, ndipo baadaye Ed Thigpen akaja na dramu zake akaungana na Ray Brown wa besi. Aliyeonesha njia ya piano, besi na dramu kwa muziki mpya wa wakati ule alikuwa Bud Powell. Sikilizeni alichorekodi Januari 1947 na Curly Russell wa besi na Max Roach wa dramu. Mkono wa kulia wa Powell unakimbia kama mtu anayefukuzwa, na wale wawili kazi yao ni kumfuata asianguke. Wanaifanya vizuri sana. Ila wanamfuata.

Sasa twende Chicago. Januari 1958, Ahmad Jamal alikuwa anapiga kwenye baa ya hoteli ya Pershing, pamoja na Israel Crosby wa besi na Vernell Fournier wa dramu, mtu wa New Orleans. Kampuni ya Argo ikaleta mitambo. Kwa usiku mmoja zikarekodiwa nyimbo 43, na kati ya hizo Jamal akachagua 8 tu. Fikirini: 35 ameziweka pembeni! Santuri iliyotoka, At the Pershing: But Not for Me, ilikaa kwenye orodha ya mauzo Marekani kwa zaidi ya wiki 100, jambo la nadra kabisa kwa jazz.

[Ilipigwa "Poinciana", yote.]

Nimeipiga yote makusudi. Hesabuni ni mara ngapi Jamal ananyamaza. Anagusa noti tatu, anaondoa mikono. Mpiga piano mwingine angeona pengo akaona aibu, akalijaza. Jamal anaweza kuondoka kwa sababu anajua nyumba haibaki tupu. Crosby yupo. Fournier ameshika mdundo ambao ukiusikia mara moja hutausahau, una harufu ya maandamano ya mitaani kwao New Orleans. Crosby mwaka 1935, akiwa na miaka 16, alikuwa ameshaingia studio kurekodi, kwa hiyo usiku ule wa Pershing alikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kazi vidoleni. Mwaka 1962 akafariki, ana miaka 43. Watu wengi wenye santuri hii nyumbani hawajui jina lake. Hilo linaniuma, nasema wazi.

Turudi New York, kule chini ya ardhi.

Besi ya mbao mnaijua. Wapenzi wa taarab ya Unguja wanaiona jukwaani kila siku, ndefu kuliko anayeipiga. Kwenye jazz kazi yake ya kawaida ni kutembea: moja, mbili, tatu, nne, bila kuchoka, ili wengine wajue walipo. Na mpiga piano wa kawaida, mkono wake wa kushoto hushika noti ya msingi ya kila kodi, yaani kila fungu la noti zinazopigwa pamoja; ni noti ileile ambayo besi inaipiga. Ni kama watu wawili wanaolinda mlango mmoja.

Evans akaondoa mlinzi mmoja. Kodi zake za mkono wa kushoto mara nyingi hazina noti ya msingi. Kapanga noti za katikati tu, karibu karibu, na kule chini kaacha wazi. LaFaro akaona nafasi, akaingia. Hakuingia kutembea. Anatupa sentensi, anangoja, anajibu kwa juu kabisa kwenye shingo ya besi, pahali ambapo besi inaanza kuimba kama gitaa. Yale mapigo manne hayapigwi, lakini wote watatu wanayasikia kichwani, nasi tunayasikia kupitia wao. Motian naye, kwa brashi za waya badala ya fimbo, anaacha kuhesabu na kuanza kupaka rangi. Sikilizeni dakika mbili za "Gloria's Step", utungo wa LaFaro mwenyewe, na tafadhali msimfuate Evans. Mfuateni wa besi peke yake.

[Ilipigwa sehemu ya "Gloria's Step".]

Mzee mmoja hapa mbele ametikisa kichwa. Ndiyo, mzee wangu, ni kijana wa miaka 25 huyo.

Siku ile walipiga seti tano, mbili mchana na tatu usiku. Mtayarishaji alikuwa Orrin Keepnews wa kampuni ya Riverside, na fundi mitambo Dave Jones. Ukikusanya zote unapata nyimbo 13, nyingine zikirudiwa, jumla mara 22. Katika mara ya kwanza ya "Gloria's Step" umeme ulikatika kidogo na kanda ikapoteza kipande. Sisi tunaoishi na mgao wa umeme tunaijua hali hiyo.

Halafu, tarehe 6 Julai 1961, siku 11 baada ya Jumapili ile, LaFaro akafa kwenye ajali ya gari katika jimbo la New York. Evans aliacha kupiga kwa miezi. Yeye na Keepnews walipoketi kuchagua nyimbo za santuri ya kwanza, Sunday at the Village Vanguard, walichagua zile ambazo besi inasikika zaidi, na mbili kati ya sita, "Gloria's Step" na "Jade Visions", ni za marehemu. Ndiyo maana santuri ile ina uzito wake. Iliandaliwa na waliofiwa. Waltz for Debby ikatoka mwaka 1962 kwa nyimbo zilizobaki, laini zaidi, na ndiyo inayopendwa zaidi na wanunuzi. Ukiniambia nichague moja, nachagua ya kwanza. Najua wengi humu ndani hawakubaliani nami.

Kabla ya hizo kuna mbili za studio za watu haohao, Portrait in Jazz ya Desemba 1959 na Explorations ya Februari 1961. Nunueni zote mbili. Kati ya tarehe hizo mtasikia LaFaro anavyopewa nafasi, hatua kwa hatua.

Je, lazima watatu wapatane? Septemba 1962 Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi, akiwa na miaka 63, aliingia studio New York na Charles Mingus wa besi, miaka 40, na Max Roach wa dramu, miaka 38. Santuri inaitwa Money Jungle. Mingus aligombana katikati ya kazi, akabeba vitu vyake akatoka, na Ellington ikambidi amfuate kumbembeleza arudi. Ukiisikiliza unaamini. Wimbo wa kwanza, wenye jina la santuri, Mingus anaikwaruza besi noti moja kwa nguvu kana kwamba anataka kuikata nyuzi, na mzee Ellington anajibu kwa ngumi. Kisha inakuja "Fleurette Africaine", Ua la Kiafrika, na wanaume walewale wananong'ona. Mingus anatetemesha nyuzi kama bawa la nzi. Sijui rekodi nyingine ambapo ugomvi na upole vimekaa upande kwa upande namna hii.

Na Ellington ananileta Afrika, bila kulazimisha. Mwaka 1963 alikuwa Zürich, na mwimbaji wa Cape Town, Sathima Bea Benjamin, akamsihi aje klabu kumsikiliza mpenzi wake apige piano. Alikuwa Dollar Brand, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Abdullah Ibrahim. Ellington alisikia, na Februari mwaka huohuo wakawa studio Paris: Brand, Johnny Gertze wa besi, Makaya Ntshoko wa dramu. Duke Ellington Presents the Dollar Brand Trio. Majina ya herufi ndogo hapo ni ya vijana wa Afrika Kusini waliokuwa ugenini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi.

Niongeze santuri moja isiyo ya watatu. Ni ya bendi kubwa. Nisipoitaja mbele ya Waswahili nitakuwa nimekosa. Randy Weston alikuwa mpiga piano wa jazz mpya aliyesainiwa na Riverside hata kabla ya Evans, na rekodi zake za miaka ya 1950 za watatu na besi ya Sam Gill zinafaa kutafutwa. Novemba 1960 alirekodi Uhuru Afrika, muziki ukapangwa na Melba Liston, maneno yakaandikwa na mshairi Langston Hughes. Mwanzoni kabisa, kabla ala hazijapamba moto, anasikika Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akizungumza Kiswahili. Tanganyika ilikuwa bado mwaka mzima kupata uhuru. Mara ya kwanza kuisikia nilisimama. Nilikuwa nimezoea kuufuata muziki huu kwa lugha ya watu, na hapo ukaniita kwa lugha ya mama yangu.

Sasa mambo ya mfukoni, nitayapitia haraka kwani muda unakwenda.

Riverside ilifilisika mwaka 1964, na tangu hapo kanda zake zimepita mikono mingi. Kwa hiyo Waltz for Debby imechapishwa tena na tena. Toleo la kwanza la mono, yaani sauti ya njia moja, lina lebo (ile karatasi ya katikati ya santuri) ya buluu, la stirio, sauti ya njia mbili, lina lebo nyeusi, na namba za jalada ni 399 kwa mono na 9399 kwa stirio. Miaka ya 1980 zilitoka zile zenye nembo ya OJC, yaani Original Jazz Classics, matoleo ya kuchapishwa upya, na nyingi zina sauti safi kwa bei ya mtu wa kawaida. Hakuna aibu kuwa nazo. Aibu ni kuuziwa kwa bei ya toleo la kwanza. Muuzaji mmoja wa ng'ambo, simtaji, aliniuzia moja hivyo. Picha ya jalada ilikuwa safi, na ya lebo hakuituma. Tangu siku ile naomba picha ya lebo pande zote mbili, na ya ile duara laini isiyo na muziki, kati ya wimbo wa mwisho na lebo, ambako kiwanda huchora namba zake. Namba hizo ni ngumu kughushi kuliko jalada.

Na kwa santuri hizi, mikwaruzo ina bei tofauti. Kwenye dansi, mkwaruzo unazama ndani ya magitaa. Kwenye "My Foolish Heart" kila punje ya vumbi inasikika kama mawe juu ya bati, kwa kuwa Motian anagusa toazi kwa ncha ya brashi tu. Sijui kuhusu yenu, ila yangu huwa naisafisha kabla ya kila kuipiga, na sindano naibadilisha mapema kuliko ninavyoambiwa.

Wanaotaka kila kitu cha siku ile, yapo makusanyo kamili yaliyotoka mwaka 2005, diski tatu, seti zote tano kwa mpangilio wake, na maongezi ya katikati. Humo mtasikia kwamba mwisho wa usiku walipiga "Jade Visions" mara mbili mfululizo. Ni wimbo mfupi, wa polepole, LaFaro anapiga kodi nzima kwa besi, Evans anaweka noti chache juu yake kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Ya pili ndiyo waliyoichagua kwa santuri. Naiweka sasa, halafu maswali.

[Ilipigwa "Jade Visions".]