Karafuu Inaua Seli za Saratani Maabara. Kwa Nini Bado Si Dawa?

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wetu, walimu wenzangu, vijana wa skuli na vyuo, nakushukuruni kwa kuja.

Wengi wenu mmeupokea kwenye simu ule ujumbe unaosema wanasayansi wamethibitisha kuwa karafuu inaua seli za saratani. Huulizwa kila mara kama ni uongo. Si uongo. Chukua eugenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu na ndiyo yenye ile harufu tunayoijua sote, itie kwenye seli za saratani zilizooteshwa maabara, zidisha kiasi, zitakufa. Lakini chumvi nayo ikizidi inaziua. Siki inaziua. Jiki ndiyo kabisa.

Kuua seli si kazi. Kazi ni kupata kampaundi, yaani kemikali ya aina moja, itakayoiua seli ya saratani, ikamwacha jirani yake mzima, na ikaweza kufika pale seli hiyo ilipo, ndani ya mtu mwenye ini, figo na damu inayozunguka. Hayo ndiyo ninayotaka tuzungumze leo.

Tuanzie kwenye kipimo chenyewe, kwa sababu watu husikia "maabara" wakadhani ni jambo la siri. Sahani ya kupimia ni ya plastiki, inatosha kiganjani, na ina vishimo 96: safu nane, kila safu vishimo kumi na viwili. Kila kishimo kinatiwa maelfu ya seli ndani ya maji ya lishe yenye rangi ya waridi. Siku ya pili, seli zikishashika chini, tunatia kampaundi: mwanzo kidogo mno, kisha zaidi, kisha zaidi tena, na vishimo vingine haviguswi ili tupate cha kulinganishia. Baada ya siku mbili tatu inatiwa rangi ya njano iitwayo MTT. Seli iliyo hai huigeuza ikawa zambarau, iliyokufa haiwezi. Basi sahani unaisoma kwa macho kabla hujaitia kwenye mashine: huku zambarau iliyokoza, katikati inafifia, kule njano tupu. Mashine inatupa hesabu, nasi tunatafuta kiwango kinachoangusha nusu ya seli.

Hapo pana mtego ambao wanafunzi wangu nawakumbusha hadi wanachoka. Baadhi ya dondoo za mimea, yaani kemikali zilizokamuliwa kutoka kwenye mmea, huigeuza rangi ile kuwa zambarau zenyewe, hata kishimo kikiwa hakina seli hata moja. Asiyeweka vishimo vya dondoo peke yake, bila seli, majibu yake yatamdanganya. Kisha iko sahani ya pili, yenye seli zisizo na saratani. Kampaundi ikiangusha sahani zote mbili sawasawa, hiyo ni sumu, na sumu tunazo nyingi.

Tukirudi kwenye eugenoli, ili iue inahitaji kiwango kikubwa maelfu ya mara kuliko dawa za hospitali kama vinkristini. Na mwilini haikai. Watu wazima wenye afya waliojitolea kuimeza walipopimwa, asilimia 95 ilikuwa imeshatoka kwenye mkojo ndani ya saa 24, tena ikiwa imeshafungwa kwenye kemikali nyingine za mwili na kubadilishwa umbo. Ini linaifanyia vile linavyomfanyia mgeni yeyote asiyetakiwa.

Sasa ndipo mkemia anapoingia. Molekuli ya eugenoli ni pete ya kaboni sita iliyotoa matawi matatu. Tawi moja, lile la oksijeni na hidrojeni, ndilo ini linalolishika ili kuitoa nje. Basi unaliziba, unapachika kitu kingine hapo. Vizuri, sasa itakaa zaidi, lakini pengine haiyeyuki tena kwenye maji, na isiyoyeyuka haisafiri kwenye damu. Unahamia mkia wenye kaboni tatu, unaurefusha, unauongezea nitrojeni, na kila badiliko ni kampaundi mpya inayorudi kwenye sahani ya vishimo 96 kuanza upya. Kazi hii ni ya subira, na nyingi ya kampaundi hizo huishia kwenye daftari.

Badiliko dogo linaweza kuwa ndilo lote. Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa aina moja ya saratani ya damu, ilitokana na molekuli iliyokuwa ikizuia protini nyingi ovyo. Wakemia wakaongeza kaboni moja na hidrojeni tatu mahali pake hasa, ikaacha protini wasiyoitaka na ikaendelea kuzuia waliyoikusudia. Au tazama sisplatini. Mama anayevuka kwa boti kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kutiwa mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi, mara nyingi hutundikiwa na dripu ya dawa hiyo. Ndani yake mna madini ya platini, na klorini mbili zilizokaa upande mmoja. Iko kampaundi nyingine yenye atomu zile zile, idadi ile ile, ila klorini zake zimekaa pande zinazotazamana, na hiyo haitibu. Sisplatini ilitengenezwa mwaka 1845, na hakuna aliyejua ina faida gani kwa mgonjwa hadi mwanasayansi wa Marekani, Barnett Rosenberg, alipoikuta mwaka 1965 akichunguza umeme na bakteria. Ilifika hospitali mwaka 1978.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka baharini, na sisi ni watu wa bahari. Kijijini Jambiani, Unguja, wako akina mama wanaolima sifongo, mnyama wa baharini. Sifongo hukaa pale pale aliposhika, hana meno wala mbio, kwa hiyo aina nyingi hujilinda kwa kemikali. Mwaka 1986 wanasayansi wa Japani, Hirata na Uemura, walieleza kemikali ya sifongo mmoja wa kwao, wakaiita halikondrini B. Ilikuwa kali mno dhidi ya seli za saratani. Tatizo lilikuwa hili: kilo 600 za sifongo zilitoa miligramu 12.5 tu. Ukisema utamtibu kila mgonjwa kwa njia hiyo, utaimaliza bahari.

Mwaka 1992 Yoshito Kishi na wenzake, Chuo Kikuu cha Harvard, waliijenga molekuli hiyo yote kwa mikono, kipande kwa kipande. Hilo peke yake lingetosha kumpa mtu heshima ya maisha. Lakini faida kubwa ilikuwa nyingine: walikuwa na vipande vya njiani, na vipande vilipopimwa ikaonekana nusu moja tu ya molekuli ndiyo inayofanya kazi. Nusu ya pili haikuhitajika. Wakemia wa dawa wakaichukua ile nusu, wakabadilisha sehemu iliyokuwa ikivunjika upesi mwilini, ikapatikana eribulini. Kiwandani ilijengwa kwa hatua 62, wala hakuna sifongo anayechumwa.

Ikapimwa kwa panya, kisha kwa binadamu. Awamu ya kwanza ni wagonjwa wachache, na swali ni moja: dozi gani mwili unaistahamili? Ya pili inatazama kama uvimbe unapungua. Ya tatu ndiyo mahakama yenyewe, kwa sababu dawa mpya inashindanishwa na tiba iliyopo. Kwa eribulini walikuwa wanawake 762 wenye saratani ya matiti iliyokwisha sambaa na waliokwishatumia dawa nyingi. Nusu ya waliopewa eribulini waliishi zaidi ya miezi 13.1, na nusu ya waliopewa tiba nyingine zaidi ya miezi 10.6. Dawa ikaidhinishwa Marekani mwaka 2010.

Miezi miwili na nusu, baada ya miaka 24. Najua wapo watakaosema ni kidogo. Mimi nimekaa na wagonjwa, na siidharau hata wiki moja ya mtu kuwa na watoto wake. Ninachotaka mkione ni ukweli wa kipimo: wale wanawake 762 walikubali kuhesabiwa, na ndiyo maana leo daktari anaweza kumwambia mgonjwa jambo la uhakika. Zaidi ya tisa katika kila kampaundi kumi za saratani zinazofika kwa binadamu huanguka humo. Karafuu yetu haijafika hata mlangoni.

Je, hatuna letu? Tunalo. Pemba, kiwanda cha Wawi kinakamua mafuta kutokana na makonyo, yale yanayobaki karafuu ikishachambuliwa. Eugenoli tunayo kwa madumu, wakati maabara za nje huinunua kwa vichupa. Kwa mwanafunzi wa kemia wa Unguja au Pemba hiyo ni malighafi ya kuanzia, na ningependa kuona kampaundi zikitengenezwa hapa na vijana wetu, zikapimwa kwa haki, hata zikianguka.

Sasa ni zamu ya maswali, na la kwanza limetoka kwa mama yetu aliyekaa nyuma: mgonjwa wake anatundikiwa dripu za saratani, je, ampe na kijiko cha mafuta ya karafuu asubuhi? Hapana, mama. Karafuu ya kwenye pilau na chai ni chakula, mpe kama anaitamani. Mafuta ya kijiko ni jambo jingine. Wako watoto waliokunywa mafuta hayo wakaharibikiwa ini, na ini la mgonjwa wako sasa hivi lina kazi ya kutosha. Halafu maabara imeonesha eugenoli inazuia chembe zinazogandisha damu, na hizo hizo dripu mara nyingi huzipunguza. Kama ameshayatumia, usimgombeze. Siku ya kliniki nenda na ile chupa, mwoneshe daktari, mwambie ni kiasi gani na tangu lini.