Mkono Uliopooza Hauponi kwa Kubebwa

Ndugu zangu, wengi wenu mmenisikia nikilisema hili, na leo nalirudia: roboti, ile mashine ya kuzoeza mkono uliopooza kwa kiharusi, haiponyi mkono. Kinachourudisha ni jitihada ya mwenye mkono.

Nilikuwa na mgonjwa mmoja, mama wa makamo, kiharusi kimempiga upande wa kulia. Tukamkalisha kwenye mashine hiyo, mkono umefungwa kwenye kishikio, mbele yake skrini yenye nukta ya kusukumwa hadi kwenye duara. Siku ya kwanza alifikia duara zote. Mwanawe akapiga makofi. Mimi nikaweka vidole nyuma ya mkono wake, juu ya kiwiko, pale panapotakiwa kukaza mtu anaponyoosha. Pamelegea kama pa mtu aliyelala! Mashine ilikuwa dereva, mama abiria. Nikapunguza msaada. Nukta ikakwama. Jasho likamtoka, bega likapanda karibu na sikio. "Teremsha bega, mama, halafu sukuma." Ikasogea upana wa kidole. Kwangu mimi, matibabu yalianza hapo.

Wiki kadhaa baadaye akawa anafika kwenye duara kwa nguvu zake. Tukamfungua, nikamwekea kikombe cha maji. Akakichukua kwa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umeshaweza, ila yeye alishazoea kuusahau.

Najua mtaniuliza: basi roboti ya nini? Jamani, sijasema itupwe! Ubongo hujifunza kwa kurudiarudia, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo huchoka. Mwaka 2009 mtafiti Catherine Lang na wenzake walichapisha hesabu ya vipindi vya mazoezi: mkono ulikuwa ukirudia vitendo vya matumizi, kama kushika na kufikia kitu, kama mara 32 tu kwa kipindi. Roboti ya MIT-Manus, waliyoiunda watafiti Hogan na Krebs wa chuo cha MIT, Marekani, humfikisha mgonjwa kwenye mara 1,000 na zaidi. Ndiyo faida yake, na ni kubwa. Lakini Marekani, utafiti wa wagonjwa 127 uliotoka mwaka 2010 uliilinganisha na mtaalamu aliyefanyisha mazoezi makali vilevile, na hawakupishana. Uingereza, wagonjwa 770, matokeo ya 2019: roboti dakika 45, mara 3 kwa wiki, wiki 12, na katika kuutumia mkono haikushinda matibabu ya kawaida. Mimi sishangai. Kufikia duara si kufunga kifungo cha shati.

Muda umenibana, habari ya misuli kukakamaa naiacha, na vidole pia. Ila ninyi mnaoendesha mashine hizi, nawaomba: msaada uwe mdogo kadiri mgonjwa anavyoweza kuvumilia, na kila kipindi kimalizikie nje ya mashine, kwenye ufunguo, kifungo na kikombe. Yule mama tulimwambia mkono wa kushoto ukae mapajani. Akanyoosha wa kulia, akamwaga nusu ya maji mezani, akanywa yaliyobaki.