Koki, Daftari na Mkutano wa Kijiji

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji, tupo Dodoma kama kawaida. Mwalimu, shikamoo.

MWALIMU: Marahaba, dada Neema. Leo naomba nianze mimi, maana jambo hili limenikaa rohoni. Ukiwauliza watu mtoto wa shule anashiriki vipi kwenye jamii yake, wengi watakwambia anafyeka nyasi, anapanda mti siku ya kampeni, anaimba ngonjera mgeni rasmi akija.

NEEMA: Na kupanda miti Dodoma hii ni jambo jema, Mwalimu. Ukame wetu unaujua.

MWALIMU: Jema sana! Ila nani kamuuliza huyo mtoto mti upandwe wapi, na maji ya kumwagilia ifikapo Septemba yatatoka wapi? Tumemwita aje na koleo, basi.

NEEMA: Wewe ungemwita aje na nini?

MWALIMU: Na daftari. Kuna shule moja ya msingi huko wilaya ya Chamwino, watoto wa darasa la sita walikuwa wanachelewa namba, na anayechelewa unajua kinachomkuta. Mwalimu wao wa hisabati akaenda nao bombani alfajiri, na simu yake ya kupimia muda. Koki imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, maji yanatoka membamba kama uzi. Ndoo ya lita 20 ikajaa kwa sekunde 80. Wakapiga hesabu: saa moja ni ndoo 45, yaani lita 900. Na foleni asubuhi ile ilikuwa ya ndoo 60.

NEEMA: Kwa hiyo wa mwisho...

MWALIMU: Sekunde 4,800. Dakika 80, dada! Mtoto kasimama pale saa moja na dakika ishirini, halafu kengele ya shule haimngoji. Wakaona wenyewe kwamba kuchelewa kwao kuna sababu, na sababu hiyo inapimika. Wengi kwenye foleni walikuwa wasichana, na hilo nalo wakaliandika.

NEEMA: Sasa zikaenda wapi hizo namba? Maana kwetu zinaishia kwenye daftari, mwalimu anaweka vema, imeisha.

MWALIMU: Hapo ndipo penyewe. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Wajumbe wake ni wakazi wa miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo mtoto hapigi kura. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mwalimu mkuu akaongea na mwenyekiti mapema, watoto wawili wakapewa nafasi. Msichana mmoja akasimama na karatasi ya manila, akasoma: ndoo, sekunde, foleni. Kisha akauliza, fedha tunazolipa kwa kila ndoo anazitunza nani, na koki mpya ni shilingi ngapi?

NEEMA: Eeh! Wazee wakasemaje?

MWALIMU: Mmoja alinung'unika kwamba mtoto hahoji wakubwa. Malezi hayo nayaheshimu, ndiyo yaliyonilea. Lakini yule binti aliamkia, akaomba ruhusa, akasoma alichokipima. Amekosa adabu wapi? Mama mmoja akasema, mwacheni, ndiye anayesimama pale bombani. Wahusika wa maji wakatoa hesabu palepale, na koki ikabadilishwa.

NEEMA: Na hapa mjini? Tuna Bunge, watoto wanaletwa kwa mabasi.

MWALIMU: Wanakaa jukwaa la wageni, wanatambulishwa, wanapiga picha, wanarudi. Natamani waje wakiwa wameshasoma. Kikao kinaanza saa 3:00 asubuhi na maswali, na hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni, zipo kwa Kiswahili. Mtoto atafute mbunge wa jimbo lake aliuliza nini kuhusu maji, waziri akajibu nini. Akirudi kijijini, aende na wenzake kuangalia kama kisima kilichotajwa kipo.

NEEMA: Walimu watakwambia muda hakuna, mtihani wa darasa la saba unawasubiri.

MWALIMU: Na wana haki, madarasa yamefurika. Lakini hesabu ya ndoo ni hisabati ileile ya darasani, na kuwaandikia viongozi barua ni somo la Kiswahili. Kinachoongezeka ni maandalizi: ruhusa ya wazazi, taarifa kwa mtendaji, na mtu mzima wa kuwavusha barabara.

NEEMA: Si ndiyo Elimu ya Kujitegemea hii, ya mwaka 1967?

MWALIMU: Ndiyo hiyo. Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe sehemu ya jamii inayofanya kazi, na alitaka pia mtoto awe na akili ya kudadisi. Shule nyingi zikashika jembe, kudadisi kukaachwa. Inaniuma mpaka leo.

NEEMA: Na viongozi wasipojibu swali la watoto?

MWALIMU: Waandike barua kwa afisa mtendaji wa kijiji, nakala ibaki shuleni kwenye faili lao. Mkutano unaofuata isomwe tena, na tarehe yake. Na darasa la tano wawepo wasikilize, maana wakubwa wao wakimaliza la saba, wao ndio watakaolishika hilo faili.