Lenzi kubwa za filamu pana kwenye kamera ya dijitali: kuchagua, kuvisha mahameli na kupiga

Karibuni tena. Leo tuko barazani kwangu hapa Kampala, na juu ya ule mti ng'ambo ya barabara mnawaona majirani zangu: kalooli wanne, wale korongo wakubwa, vichwa vipara, miguu myeupe kwa kinyesi chao wenyewe. Ndio wanamitindo wetu wa leo. Hawadai malipo na hawaruki hovyo.

Nasogeza kamera mezani mwone vizuri. Hii ni lenzi ya Sonnar ya milimita 180, uwazi f/2.8, ya Carl Zeiss Jena, iliyotengenezwa Ujerumani Mashariki. Babu yake alitengenezwa kwa ajili ya wapiga picha wa Olimpiki ya Berlin ya 1936, ndiyo maana wazee huiita Olympia Sonnar. Hii yangu iliundwa kwa kamera ya Pentacon Six, inayotumia ile filamu pana ya namba 120, na picha yake moja ni mraba wa milimita 56 kwa 56. Ishike uone: kilo moja na zaidi, chuma na kioo tupu. Haina mota, haina waya, haina chochote cha kuharibika kwa umeme. Ukitaka lenzi mpya ya autofokasi yenye urefu na uwazi huu, andaa pesa ya pikipiki. Hii watu wengi wanaiona kama chuma chakavu, na bei yake haifiki huko.

Kabla ya kufunga chochote, elewa jambo moja. Kila kamera ina umbali wake kati ya mdomo, yaani pale lenzi inapofungwa, na sensa, kile kibamba kinachopokea picha. Pentacon Six ni milimita 74.1. Canon EF, yaani mdomo wa DSLR za Canon, ni 44; Nikon F, wa DSLR za Nikon, ni 46.5. Kwa hiyo kati ya lenzi hii na Canon kuna pengo la milimita 30 hivi, na adapta si kitu kingine ila bomba tupu la kuziba pengo hilo. Hakuna kioo ndani yake. Ndiyo maana huhitaji kamera mpya: hata DSLR ya zamani (kamera ya dijitali yenye kioo kinachoruka ndani) uliyoinunua kwa mtu mkononi itapiga mpaka mbali kabisa. Baadhi ya lenzi za zamani za filamu ndogo (ya milimita 35) haziwezi hivyo. Mwenye kamera isiyo na kioo hicho, kama Sony, Canon R au Nikon Z, naye namshauri anunue adapta ya kuingia Canon EF, kisha juu yake aongeze ile ya EF kwenda kamera yake. Ukibadilisha kamera kesho, unabadilisha kipande kimoja tu.

Sasa kununua. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoliwa.

Lenzi za Pentacon Six na za Kiev 60, kamera ya Kisovieti, zina mdomo mmoja. Kiev 88 ya asili ina mdomo mwingine kabisa. Wasovieti walizitenganisha kwa herufi: Jupiter-36 ya milimita 250, f/3.5, ipo yenye Б na ipo yenye В. Б ndiyo B yetu, na ndiyo ya Pentacon Six. В, hii inayofanana kabisa na B, kwao ni V, na ni ya Kiev 88. Mimi niliona picha ya lenzi mtandaoni, nikasoma "B" kwa macho ya shule ya msingi, nikalipa. Ilipofika niliizungusha kwenye adapta robo saa nzima nikidhani imejaa kutu. Muuzaji hakunidanganya hata kidogo, ni mimi sikujua kusoma. Kwa hiyo omba picha ya mgongo wa lenzi, siyo ya mbele peke yake.

Mambo mengine ya kukagua haraka: mulika tochi ya simu kutoka nyuma utafute kuvu, ile inayotambaa kama mizizi ya nyasi. Zungusha ringi ya fokasi. Jena nyingi grisi yake imeganda, inakuwa nzito kama kusonga posho (ugali). Funga na kufungua apacha, lile tundu la kupitisha mwanga, uone visu vyake vinatembea na havina mafuta. Mamiya 645 na Pentax 67 nazo zina lenzi ndefu nzuri na zote zina ringi ya fokasi. Za Mamiya RB67 ziache: fokasi yake ilikuwa kwenye mwili wa kamera, lenzi yenyewe haina.

Tumenunua, tunafunga. Mdomo wa Pentacon Six una ringi ya kukaza. Ingiza, panga kile kijino mahali pake, kaza. Kisha tafuta swichi ya A na M kwenye lenzi, weka M. Ukiiacha kwenye A, apacha itabaki wazi f/2.8 hata uzungushe namba mpaka usiku. Kama menyu ya kamera yako ina chaguo la kupiga bila lenzi, liruhusu, kwa sababu kamera haitambui kama kuna kitu mbele yake. Kama mwili wa kamera yako una kituliza mtikisiko, uandikie kwa mkono kwamba lenzi ni milimita 180.

Haya, tupige picha ya kwanza. Kalooli yule wa juu, nyuma yake mbingu nyeupe ya mawingu. Mnaona kwenye skrini? Mgongo wake ambao ni mweusi umekuwa kijivu, kama mtu amepuliza moshi wa mkaa kati yetu. Wengi wakifika hapa husema "lenzi ya zamani ndiyo ilivyo" na kuirudisha kabatini. Hapana. Kioo hiki ni kizima. Fikiri: lenzi inamwaga duara la mwanga la kujaza mraba wa milimita 56, wewe una kasensa ka milimita 22 kwa 15. Mwanga uliobaki unaenda wapi? Unagonga kuta za adapta, unadunda, unaangukia sensa. Toa lenzi na adapta yake, elekeza dirishani, chungulia kwa nyuma. Ile pete inayong'aa ndani ndiyo moshi wenyewe.

Dawa yake ni mahameli meusi. Yangu niliyatoa kwenye gauni la mtumba la soko la Owino, mama aliyeniuzia akanitazama sana nilipomwomba mkasi palepale. Pima mzunguko wa ndani wa adapta kwa uzi, kata utepe, upana uwe pungufu ya bomba kwa milimita mbili tatu ili kitambaa kisiguse midomo. Paka gundi ya viatu, laini sana. Kingo za kitambaa nazo zipake gundi zisitoe nyuzi, maana uzi mmoja ukiangukia sensa utauona kwenye kila picha ya mbingu. Halafu iache usiku kucha mbali na lenzi. Mvuke wa gundi ukigandia kwenye kioo utanilaani.

Ongeza kizuizi kimoja: manila nyeusi yenye dirisha katikati, ikae ndani ya adapta upande wa kamera. Isichomoze kabisa kuingia kwenye kamera, kuna kioo kinachoruka humo. Kwa sensa ndogo ya APS-C, kama hii ya milimita 22 kwa 15, nilikata dirisha la milimita 40 kwa 33. Pembe za picha zikianza kuwa nyeusi, panua. Wenye ful fremu (sensa kubwa kama picha ya filamu ndogo) mtapunguza juu na chini tu, upana hauna nafasi. Mbele ya lenzi zungushia bomba la manila la sentimita 12 kama kofia.

Ndege yuleyule sasa, mbingu ileile. Tazameni mgongo. Ile rangi ya kijani iliyofichika kwenye manyoya meusi, dakika kumi zilizopita haikuwepo.

Kuhusu kushika: uzito wote huu usining'inie kwenye mdomo wa kamera. Mkono wa kushoto ubebe lenzi, kamera iende kama abiria. Kwa stendi, mimi nilimpelekea fundi wa kukereza kule Katwe, akanitengenezea pete ya bati nene yenye mguu na nati ya stendi chini. Alichouliza ni kimoja tu: "Ssebo (bwana), hii ni ya bomba la maji?" Imekaza vizuri kuliko ya dukani.

Fokasi: washa laivu vyu (picha hai kwenye skrini ya nyuma), kuza mara kumi kwenye jicho. Apacha ikiwa wazi f/2.8, pitiliza kidogo kisha rudi, jicho likikata, yaani likionekana kali, simama. Ndipo ufunge mpaka f/5.6. Ukipiga kwa f/2.8 tarajia mstari wa zambarau pale manyoya meupe ya tumbo yanapokutana na kivuli. Kioo hiki ni cha kabla ya vioo vya kisasa vya kudhibiti rangi. Kwenye APS-C ya Canon 180 inatazama kama 288, kwa hiyo kasi ya shata isishuke chini ya 1/500 ya sekunde ukiwa umeshika mkononi. Canon itakupimia mwanga kwenye Av, pale kamera inapochagua kasi ya shata yenyewe. Nikon ndogo haitapima chochote: weka kamera yenyewe kwenye M, piga, angalia histogramu, rekebisha. Na mbingu ikiwa nyeupe hivi, ongeza stopu moja (mwanga mara mbili), la sivyo ndege atakuwa kivuli.

Saa zenyewe ni moja hadi tatu asubuhi. Baada ya hapo lami inaanza kutoa mvuke, picha inatetemeka, na hakuna fokasi itakayokuokoa.

Ukiizoea kwa kalooli, nenda kinamasi cha Mabamba, upande wa magharibi wa Entebbe. Stendi iache nyumbani, kwenye mtumbwi haina kazi. Kaa sakafuni, viwiko juu ya magoti, ISO 800, f/4. Korongo nyangumi husimama kama sanamu akivizia kambale, dakika nyingi bila kupepesa, kwa hiyo mtu wa fokasi ya mkono hana cha kuhofia. Mtumbwi ndio unaosogea: weka fokasi, subiri unesenese, bonyeza unapopita mahali pake. Piga tano, moja itakata.

Ukirudi, ifute unyevu, vifuniko vyote viwili, ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vya kwenye maboksi ya viatu. Mchele usitie, una vumbi. Mimi vipakiti vyangu huvianika juu ya sigiri inayopoa kila mwisho wa mwezi.