Jinsi ya kusoma kisima cha Athene kilichojaa vigae

Karibuni tena. Leo hatuchimbi, kwa hiyo jembe liache lilipo. Chukua karatasi moja ya A4, penseli, rula na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Tutachora kisima cha Athene ya kale, kule Ugiriki, tutakijaza, halafu tutakisoma kama wanavyokisoma wanaakiolojia pale Agora, uwanja wa soko na siasa chini ya kilima cha Akropoli. Wamarekani walianza kuchimba hapo mwaka 1931, na tangu hapo wamekuta visima kwa mamia. Vingi vilikuwa vimegeuzwa jalala, na takataka zenyewe kwa sehemu kubwa ni vigae, yaani vipande vya vyombo vya udongo vilivyovunjika.

Hatua ya kwanza: chora shimo. Kila mita moja iwe sentimita 2. Kisima chetu cha mfano kina kina cha mita 10 na upana wa mita moja, kwa hiyo unapata mrija wa sentimita 20 kwa 2. Ona kilivyo chembamba. Akishuka mtu mmoja, wa pili hana pa kusimama. Kwenye kuta mbili zinazotazamana tia vishimo vidogo, kimoja juu ya kingine. Hivyo ni vya kukanyagia, vilitobolewa na waliochimba ili waweze kushuka na kupanda. Karne za baadaye watu walianza kuzungushia kuta mapete ya udongo wa kuchoma, lakini sisi tubaki na cha zamani.

Kuchimba kisima ilikuwa kazi ya jasho, na wakati mwingine ya bure. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasimulia kwamba sheria ya Solon, mtunga sheria wa Athene, ilimruhusu mtu aliyechimba kwake pima 10, yaani kama mita 18, bila kuona maji, aende kwa jirani kujaza mtungi mara mbili kwa siku. Kipimo cha mtungi huo ni karibu lita 20. Ndiyo, dumu lile lile unalolijua wewe. Sasa weka hilo akilini, kwa sababu baadaye tutauliza kwa nini mtu aliyeteseka hivyo akubali kukifukia kisima chake.

Hatua ya pili: shika kalamu ya bluu, paka mita mbili za chini. Aliyekulia kwenye nyumba yenye kisima anajua kamba inavyokatika, ndoo ikabaki chini, akatafutwa mtu mwenye kulabu. Waathene waliteka kwa mitungi ya udongo, na mtungi ukigonga ukuta, kulabu haisaidii. Kwa hiyo huku chini utakuta mitungi ya kutekea, mingi ya umbo moja, na mara nyingi ikiwa mizima au imepasuka vipande vikubwa vikubwa, maana iliangukia majini. Hili ni tabaka la matumizi. Hakuna aliyetupa kitu hapa, watu walipoteza. Na linakua polepole sana. Kisima kimoja cha Agora kutoka enzi za Warumi, kinachoitwa M 17:1, kilikusanya vyombo vya aina hii tangu karne ya 1 hadi karne ya 6 baada ya Kristo.

Hatua ya tatu: kalamu nyekundu, kuanzia hapo mpaka mdomoni. Hili ndilo dampo. Sura yake inabadilika ghafla: mitungi ya kutekea inapungua, vinakuja vikombe, sahani, vyungu vya kupikia, taa, vigae vya paa, mawe. Karibu kila kitu kimevunjika. Ukiona mpaka huo kati ya bluu na nyekundu, upige mstari mnene. Ukiuchanganya, tarehe zako zote zitakuwa za uongo.

Hatua ya nne: osha vigae, tandaza mezani, panga. Wengi hukosea hapa, wanakimbilia vile vyenye picha za miungu na farasi. Zamani hata wachimbaji wenyewe walikuwa wakitupa vigae visivyo na nakshi, hasara ambayo hairudi. Panga kwanza kwa udongo: laini huku, wa kuhimili moto kule. Kisha hesabu, lakini usihesabu vigae vyote. Kikombe kimoja kinaweza kuvunjika vipande 5 au 50. Hesabu vitako. Kila kikombe kina kitako kimoja tu. Ukiwa na vitako 12, basi ulikuwa na vikombe visivyopungua 12, basi.

Hatua ya tano ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kila kigae kiandikwe kilitoka kina gani. Sasa anza kuunganisha. Shika kigae cha mita ya 2 na kigae cha mita ya 7, jaribu mvunjiko kwa mvunjiko. Vikishikana kama meno, chora kwenye karatasi mstari kutoka kimoja hadi kingine. Endelea. Ukipata mstari mmoja, huenda ni bahati. Ukipata mistari mingi inayopanda na kushuka ndani ya eneo jekundu, umepata jambo kubwa: dampo lote liliingia kwa mpigo mmoja, pengine kwa siku chache. Fikiria, kama watu wangekuwa wanatupa kidogo kidogo kwa miaka 50, nusu ya kikombe ingefikaje mita 5 juu ya nusu yake? Chombo kilivunjika kwanza mahali pengine, kikalala kwenye lundo, na lundo likamwagwa kisimani.

Hatua ya sita: tafuta tarehe. Kanuni ni kwamba dampo haliwezi kuwa la kale kuliko chombo chake kipya kabisa. Vyombo vya bibi vinaweza kuwemo, havitudanganyi. Tunamtafuta wa mwisho kuingia. Ila kigae kimoja cha peke yake usikiamini haraka, huenda kiliporomoka kutoka juu. Mtindo unasaidia: watu weusi juu ya udongo mwekundu ni mtindo wa zamani zaidi, na watu wekundu juu ya weusi ulianza karibu mwaka 525 KK.

Sasa jambo la ajabu. Visima zaidi ya kumi vya Agora vina vyombo vinavyokoma wakati mmoja, karibu mwaka 480 KK. Huo ndio mwaka Xerxes, mfalme wa Uajemi, aliuteka mji, Waathene wakiwa wameuhama kwa merikebu. Mwaka uliofuata Waajemi walirudi tena. Thucydides, mwanahistoria wa Athene ya kale, anasema wenyeji waliporejea walikuta nyumba nyingi ni magofu, zimesalia chache walimolala wakubwa wa Kiajemi. Ndipo lile swali letu linapojibika. Kisima kimeangukiwa na mawe na matofali mabichi, uani kumejaa vyombo vilivyopondwa. Unasafisha ua, unamwaga humo humo, unachimba kingine.

Hatua ya saba: uliza ni uchafu wa nani. Kisima J 2:4 (herufi na namba ya kwanza ni mraba kwenye ramani, ya mwisho ni namba ya shimo) kilichambuliwa na mwanaakiolojia Kathleen Lynch, naye akaona vyombo vya nyumba moja: vya jikoni pamoja na vikombe vya kunywea mvinyo na wageni. Yaani kabati la familia moja lote limo shimoni.

Lakini si kila kisima kina uchafu wa nyumbani. Mwaka 1937 mwanaakiolojia Oscar Broneer, akichimba mteremko wa kaskazini wa Akropoli, alikuta kisimani vigae vipatavyo 190 vyenye jina moja: Themistokles, yule yule aliyewashinda Waajemi baharini pale Salamis. Waathene walipiga kura kwa vigae kumfukuza mtu mjini kwa miaka 10, na Themistokles alifukuzwa karibu mwaka 471 KK. Mpiga kura alitakiwa aje na kigae chake. Hivi 190, vingi vitako vya vikombe, viliandikwa na watu wachache: inaelekea viliandaliwa mapema ili wagawiwe wapiga kura, na vilivyobaki vikatupwa.

Umejuaje kwamba waandishi walikuwa wachache? Hapa mistari yetu ya hatua ya tano haichorwi kwa mvunjiko, inachorwa kwa mwandiko. Kama karatasi yako ina nafasi pembeni, jaribu: vigae 190, mikono 14 ya waandishi.